Kitanzi Kisicho na Njia ya Kupishania

Kitanzi ni mpangilio wa mtandao ambamo seva na diski hufungwa moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho ikarudi kwa ya kwanza. Kila kifaa hupokea kwa uzi mmoja na kupeleka kwa uzi mwingine, na kila neno la data hupitia kwa wote walio kati ya mtumaji na mpokeaji. Katika teknolojia ya Faiba Chaneli mpangilio huu ulipewa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1996. Dhiki iliyouzaa inajulikana: kebo pana ya SCSI iliyotangulia ilichukua vifaa 16 tu, seva yenyewe ikiwemo, na katika aina yake iliyo bora haikuruhusiwa kupita mita 12 ikibeba vifaa vingi. Kitanzi kilikuja na anwani 127, yaani 126 za seva na diski, na moja iliyotengwa kwa ajili ya swichi endapo itakuwepo. Kwa uzi mwembamba wa kioo wa maikroni 9, umbali kati ya kifaa na kifaa ukafika kilomita 10.

Namba hizo mbili, 126 na 10, ndizo zilizowaponza wapangaji wengi, kwa sababu zinaeleza kinachowezekana, si kinachofaa.

Mjadala unaofuata umewekwa Goweko, katika wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora, kwenye Reli ya Kati. Chumba chenyewe ni cha mfano: seva mbili, kabati moja la diski 14, mashine moja ya tepu kwa nakala rudufu, na kazi ya kutunza kumbukumbu za mizani ya tumbaku mchana kutwa. Mahali hapa si pambo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Kazeh, yaani Tabora ya leo, ilivuka Mgunda Mkali, pori kavu lililotenga Ugogo na Unyamwezi, na wapagazi walibeba posho kabla ya kuingia kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kununua. Mpango wa mitambo ya Goweko uko katika hali hiyohiyo: kipuri kisichokuwepo kabatini hutafutwa Tabora mjini, na kikikosekana huko, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kwa reli.

Wanaosemezana ni watatu: Mtetezi wa kitanzi, Mpinzani wake, na Mlipaji, ofisi itakayotoa fedha.

MTETEZI: Kitanzi hakihitaji swichi. Kadi moja ndani ya kila seva, kebo kadhaa na habu ndogo vinatosha. Habu nayo haina maarifa makubwa, ni kitanzi kilichokunjwa ndani ya sanduku: kwa nje kebo zinaonekana kama nyota, kila moja ikiingia poti yake, kwa ndani mzunguko ni uleule. Manufaa yake ni kwamba kila poti ina njia ya mkato. Seva ikizimwa au kebo ikichomoka, poti hiyo hurukwa na wengine wakaendelea. Anayeogopa kitanzi kukatika anaogopa kile cha zamani kilichofungwa bila habu. Tena nchi nzima imeutegemea mpangilio huu: mkongo wa taifa wa mawasiliano umejengwa kwa mizunguko, ili katapila la barabara likikata nyaya upande mmoja, data ipite upande wa pili.

MPINZANI: Mfano wa mkongo ndio unaopotosha. Mzunguko wa mkongo hupitisha data pande zote mbili. Ukikatwa mahali pamoja unageuka kuwa mstari, na miji yote bado inafikiana. Kitanzi cha Faiba Chaneli huenda upande mmoja tu. Kikikatwa mahali pamoja, hakuna anayemsikia mwenziwe, hata waliokaa bega kwa bega. Palikuwepo kitanzi cha diski kilichopita pande zote mbili, nacho ni kile cha IBM kilichoitwa SSA. Kilikuwa na ubora huo hasa, na bado sokoni kilishindwa.

Katika hoja hii Mpinzani ana haki, na inafaa isisitizwe kwa kuwa kosa la Mtetezi ni la kawaida hata kwa mafundi wazoefu. Mkongo wa taifa, uliojengwa kuanzia mwaka 2009 na kuendeshwa na TTCL, umepata usalama wake kutokana na njia ya pili ndani ya mzunguko uleule. Kitanzi cha diski hupata usalama wake kwa kujengewa kitanzi cha pili kando yake. Ndiyo maana diski za Faiba Chaneli zilitengenezwa na poti mbili, A na B: kila diski imo katika vitanzi viwili visivyogusana, na seva yenye kadi mbili huweza kuifikia kwa chochote kilicho hai. Kwa hiyo bei ya kitanzi ikitajwa, isikubaliwe kabla ya kuzidishwa mara mbili: habu mbili, kadi mbili kwa kila seva, seti mbili za kebo. Habu mbili zikichomekwa kwenye soketi moja ya umeme, mpango umerudi palepale ulipoanzia, maana habu isiyo na umeme haina cha kumruka. Imezimika na kitanzi chake kizima.

MLIPAJI: Vifaa 126 vikikaa kwenye mzunguko mmoja, kila kimoja kinapata zamu yake namna gani?

Utaratibu ni huu. Kifaa chenye la kusema hupeleka ishara ya kuomba iitwayo ARB, ikiwa na anwani yake. Ishara huzunguka. Ikikutana na mwombaji mwingine mwenye anwani ndogo zaidi, huyo hubadilisha ombi na kuweka lake, kwa kuwa katika kitanzi anwani ndogo ndiyo yenye nguvu. Ishara ikimrudia aliyeituma bila kubadilishwa, kitanzi ni chake. Hapo hupeleka OPN kwa anayetaka kusema naye, wawili hao wakazungumza, na waliobaki hawana kazi ila kupitisha maneno yasiyowahusu. Wakimaliza hupeana CLS na njia hufunguliwa. Ili wenye anwani kubwa wasikeshe wakingoja, iko kanuni ya haki: aliyekwisha kushinda haombi tena mpaka wote waliokuwa wakiomba wapate zamu zao. Seva zinaweza kuruhusiwa kutoifuata kanuni hiyo. Upendeleo huo una sababu za kiufundi, lakini ni upendeleo.

MPINZANI: Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilijengwa kama njia moja. Treni mbili haziruhusiwi katika kipande kimoja kati ya stesheni na stesheni. Lakini njia ile inapitika kwa sababu zipo stesheni za kupishania kama Goweko: mabehewa ya mizigo huingizwa pembeni, ya abiria hupita, kisha safari huendelea. Wakati huohuo treni nyingine iko Itigi, nyingine Morogoro, wala hazizuiani. Kitanzi hakina Goweko. Wawili wakishika zamu wameshika njia nzima, kana kwamba treni moja ikitoka Dar es Salaam hakuna gurudumu linaloruhusiwa kuzunguka mpaka ifike Kigoma. Swichi hufanya kinyume chake: kila jozi hupewa kipande chake, na jozi nyingi huzungumza kwa pamoja.

MTETEZI: Picha ni nzuri ila kipimo chake ni kibaya, kwa kuwa zamu za kitanzi huhesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Na hesabu ya kazi ifanywe. Kitanzi cha gigabiti 1 hubeba megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika, ikisomwa kumbukumbu ndogondogo zilizotawanyika, hutimiza maombi kama 120 kwa sekunde. Kila ombi likiwa la kilobaiti 8, diski hiyo inatoa chini kidogo ya megabaiti 1 kwa sekunde. Diski zote 14 kwa pamoja zinatoa megabaiti 13 na ushei. Njia ina nafasi mara saba ya hiyo. Mizani ya tumbaku haiwezi kuujaza mzunguko huo hata msimu wa mauzo ukipamba moto.

MPINZANI: Mchana, ndiyo. Usiku nakala rudufu inapoandikwa, diski hazisomwi vipande vipande, zinasomwa mfululizo. Diski ileile iliyotoa megabaiti 1 hutoa 40 au zaidi, na diski tatu tu zinaujaza mzunguko. Tepu nayo ikiwa katika kitanzi kilekile, kila data inapita mara mbili, kutoka diski kwenda seva na kutoka seva kwenda tepu.

Hesabu zote mbili ni sahihi, na hapo ndipo upangaji mwingi huharibikia: mtu hupima kazi ya mchana akasahau ya usiku, au akapima ya usiku akanunua vifaa asivyovihitaji. Kwa ofisi ya Goweko uwezo wa kitanzi si tatizo, mradi nakala ya usiku ipewe saa za kutosha. Tatizo liko kwingine, na Mpinzani angefanya vizuri kulianza mapema zaidi kuliko alivyofanya.

MPINZANI: Jambo zito ni ishara ya LIP. Kifaa chochote kinachoingia katika kitanzi, kinachowashwa, au kinachohisi kwamba mwanga umepotea, hupeleka LIP. Mazungumzo yote husimama. Vifaa vyote hushiriki kumtafuta kiongozi wa muda: kama swichi ipo ndiyo kiongozi, kama haipo anachukua aliyezaliwa kiwandani na jina dogo kuliko wote. Kisha anwani hugawanywa upya, na seva hulazimika kujitambulisha upya kwa diski. Maombi yaliyokuwa njiani yanaweza kufutwa. Diski huvumilia, seva huuliza tena na kazi ikaendelea. Tepu haina uvumilivu huo. Nakala iliyokwisha kuandikwa kwa saa tatu huweza kukatika kwa sababu tu seva ya pili, isiyohusika nayo kwa lolote, imezimwa na kuwashwa. Katika kitanzi hakuna jambo la jirani.

MTETEZI: Dawa zipo. Kwanza, tepu ipewe kitanzi chake au kadi yake. Hilo halina mjadala. Pili, mpangilio wa kuwasha uandikwe na kubandikwa ukutani: kabati la diski kwanza, lingojewe mpaka diski zote zizunguke, kisha habu, kisha seva moja, kisha ya pili. Umeme ukikatika na kurudi, vitu vyote vikajiwasha kwa pamoja, kila diski inayoamka inazisumbua zilizoamka kabla yake, na seva iliyowahi huona kitanzi kitupu. Tatu, anwani zisiachwe zijigawe zenyewe.

MLIPAJI: Zikijigawa zenyewe kuna hasara gani, ilhali vifaa vinaelewana?

MTETEZI: Vinaelewana leo. Kesho diski moja ikichelewa kuamka, nyingine inaweza kuchukua anwani yake. Seva inayozitambua diski kwa anwani badala ya jina la kiwandani itaifungua diski isiyo yake kwa uhakika uleule wa jana. Kila kifaa kipewe anwani ngumu, ile inayowekwa kwa swichi ndogo za kabati au kwa nafasi ya diski ndani yake, na orodha yake ihifadhiwe kwenye karatasi, si ndani ya seva ambayo orodha hiyo inatakiwa kuifufua. Seva zipewe anwani zenye nguvu, diski zifuate.

Wapangaji wa kitanzi wasiovumilia kazi hii ya karatasi wanapaswa kuacha kitanzi. Kwa kweli orodha ya anwani, majina ya kebo na mpangilio wa kuwasha ndivyo vinavyotenganisha kitanzi kinachoishi miaka kumi na kile kinachokufa likizo ya kwanza ya fundi wake.

MLIPAJI: Na kama kilomita 10 zinaruhusiwa, kwa nini kabati la diski lisikae mahali penye umeme bora, seva zikabaki Goweko?

Hapa wapinzani wawili wanajibu kwa sauti moja, jambo ambalo halikutokea tena katika mjadala huu. Kutoka Goweko hadi Tabora ni makumi ya kilomita, kwa hiyo Tabora imetoka nje ya kipimo tangu mwanzo. Lakini hata sehemu ya karibu ingekuwa chaguo baya. Kila poti ya kitanzi inaruhusiwa kuchelewesha data kwa maneno sita, ambayo kwa mwendo wa gigabiti 1 ni kama nanosekunde 226. Poti zote 126 zikijumlishwa, mzunguko mmoja unachukua maikrosekunde 28. Mwanga ndani ya uzi wa kioo nao hutumia maikrosekunde 5 hivi kwa kila kilomita. Mkono mmoja wa kilomita 10, kwenda na kurudi, unaongeza maikrosekunde 100. Uzi mmoja mrefu unachelewesha zaidi ya mara tatu ya kitanzi kilichojaa pomoni, na ucheleweshaji huo wanaulipa wote, hata diski mbili zilizopangwa rafu moja, kwa sababu kila ombi la zamu lazima lifanye ziara mpaka mwisho wa uzi na kurudi. Umbali uachiwe swichi. Kitanzi kikae chumbani.

Bado kuna jambo ambalo Mlipaji hakuliuliza, na wengi hawaliulizi mpaka data iharibike. Hifadhi ya pamoja haimaanishi faili la pamoja. Kitanzi, kama swichi, kinaziwezesha seva mbili kuiona diski moja, hakizifundishi kuheshimiana. Kila seva huamini kwamba diski ni yake peke yake, na huweka akilini ramani ya faili isiyomwambia mwenziwe. Zikiandika zote, ramani mbili zinagongana na zote mbili zinakuwa uongo. Ama diski zigawanywe, za seva hii na za seva ile, ama pawepo programu ya kundi la seva inayotumia amri za SCSI za kuishikilia diski ili mmoja aandike na mwingine asubiri kurithi.

MLIPAJI: Vifaa vya kitanzi vinapatikana mitumba kwa bei nafuu. Swichi mbili hazipatikani kwa bei hiyo.

MPINZANI: Nafuu ya mtumba ni ya siku ya kununua. Baada ya hapo kila kipuri ni cha kutafuta kwa tochi.

MTETEZI: Na kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa kwa kuwa haimfurahishi yeyote. Kabati likiwa na vidhibiti viwili, na kila kidhibiti kina poti mbili za mbele, seva mbili hazihitaji habu wala swichi. Kila seva iwe na kadi mbili. Kadi moja iende kidhibiti cha kwanza, ya pili iende kidhibiti cha pili. Kebo nne, basi. Kitanzi kibaki ndani ya kabati, nyuma ya vidhibiti, A na B, kikibeba diski 14 ambazo hazizimwi ovyo wala hazichomolewi na mtu anayefagia.

Kwa Goweko hii ndiyo hukumu inayofaa, ingawa imetoka kinywani mwa aliyeanza kwa kutetea habu. Seva moja ikizimwa, LIP yake inaishia kwenye kebo zake. Ya pili haijui. Kebo ikikatika, njia ya kidhibiti cha pili ipo, mradi seva imewekewa programu ya kubadilisha njia na imejaribiwa kwa kuchomoa kebo kweli, si kwa kusoma kijitabu. Ni kweli kwamba kadi na kidhibiti vikiunganishwa moja kwa moja mara nyingi huzungumza kwa lugha ya kitanzi, kitanzi cha watu wawili, lakini wawili hawana wa kumsumbua. Tepu ifungwe kwenye kadi ya tatu ya seva moja, peke yake. Akiba ya chumbani iwe diski moja, kebo moja na vigeuzi viwili vya mwanga, pamoja na vifuniko vya ncha za kebo, maana vumbi la kiangazi likikaa kwenye kioo cha maikroni 50 huzuia mwanga na kuleta makosa yanayokuja na kutoweka, ambayo ni mabaya kuliko kebo iliyokatika.

Hukumu hiyo ina mpaka. Seva ya tatu ikija, poti nne za kabati zitakuwa zimekwisha, na hapo jibu ni swichi mbili, si habu. Habu ingewarudisha wote katika chumba kimoja cha LIP. Kitanzi kilichokuwa kimekaa nyuma ya vidhibiti kinaweza kuendelea na kazi. Kile kilichowekwa mbele ya seva kitalazimika kufumuliwa.

Na anayenunua vifaa vipya leo hatapewa nafasi ya kuchagua. Kitanzi kilifuatana na Faiba Chaneli katika mwendo wa gigabiti 1, 2, 4 na 8. Kuanzia gigabiti 16 kiliondolewa, na ndani ya makabati mapya diski zimehamia kwenye viunganishi vya SAS, ambavyo havizunguki.